Bibi wa Kibarazani Anajibu: Ua Lililonyweshwa Maji ya Friji

Masika yametufikia Tanga. Mapipa yangu mawili ya maji ya mvua yamejaa mpaka mdomoni, nimeyafunika kwa kanga kuukuu ili mbu wasije wakahamia, na barua zenu nazo zimefurika. Zilizouliza dawa ya konokono nimeziweka kando mpaka toleo lijalo. Konokono hao hao wanatafuna mchicha wangu usiku kucha, na sitaki kujifanya mganga wa ugonjwa unaonilaza mwenyewe.

Shikamoo Bibi. Bosi wangu Mjerumani alimaliza mkataba mwezi wa kumi na moja, akaniachia ua lake la mezani. Lina majani manene yenye vinyweleo kama mahameli, na maua ya zambarau. Jina lake ni refu, la Kijerumani. Nilichoambulia ni kitu kama "Usambara", nikajua nimesikia vibaya. Sasa kwa kuwa limezoea baridi ya Ulaya, na mimi naishi Kinondoni, kila asubuhi nalinywesha maji ya friji, nalimwagia mpaka juu ya majani lipate kupoa. Majani yametoka madoa ya duara ya rangi ya chai ya maziwa. Ya katikati yamelegea kama mlenda na yana harufu. Bosi aliomba picha, nikamtumia ya zamani. Nifanyeje? — Mdanganyifu wa Kinondoni

Marahaba, mdanganyifu. Masikio yako ni mazima. Wajerumani huliita Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara, na Usambara wanayoisema ni milima hii hii ninayoiona kwa mbali siku isiyo na mawingu. Miezi yote hiyo umekuwa ukimnywesha maji ya barafu mtoto wa Muheza, huku huku Tanga.

Habari yake ni hivi. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani huku kwetu, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliokota ua hili na kulipeleka kwa baba yake Ujerumani. Baba akampa Hermann Wendland, aliyekuwa msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akaliandika kitaalamu kwa jina la Saintpaulia, kuwaenzi baba na mwana. Wenyeji waliokuwa wakilipita kila siku wakienda kuchota maji hawakuenziwa na mtu, lakini hayo tuyaache. Kuanzia hapo likazalishwa, likachanganywa mbegu, likapewa rangi za kila namna, likawa ua la dirishani Ulaya na Marekani. Tangu mwaka 2015 wataalamu wamelihamishia katika jenasi, yaani kundi la mimea ndugu, ya Streptocarpus. Mie nimefundisha baiolojia miaka thelathini na moja nikisema Saintpaulia, na sina mpango wa kubadili ulimi.

Mara ya kwanza kuliona nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chai huko Amani, juu ya milima hiyo hiyo, na siku moja tuliteremka kwa miguu kuelekea mto Zigi. Njiani pana mwamba mweusi uliosimama wima kama ukuta wa nyumba, umefunikwa na kivuli cha miti, na maji yanautiririka upande mmoja tu. Upande wa pili, ule ambao maji hayafiki, ndiko yalikokuwa yamejibandika: vichane vya majani bapa, kila kimoja na maua matatu au manne. Nikaingiza ukucha chini ya kimoja nione kimeshikia wapi. Udongo wake haukuzidi unene wa chapati. Ni majani makavu yaliyooza, kuvu kidogo, basi. Baba akanipiga kofi la mkono na kuniambia nikirudishe kama nilivyokikuta.

Hapo ndipo ulipo msiba wako, mwanangu. Mmea uliozoea udongo wa unene wa chapati, kwenye mwamba usiotuamisha maji, umeufanya usimame kwenye tope. Joto la Dar si hoja kubwa kama unavyodhani. Ndugu zake wengine humea chini kabisa, karibu na usawa wa bahari huku Tanga, kwenye nyufa za mawe ya chokaa, na joto wanalijua. Wasilolijua ni jua la moja kwa moja, maji yaliyotuama, na friji.

Hayo madoa ya duara ni alama za matone yako. Maji baridi yakikaa juu ya jani lenye joto, chembe za ndani hufa pale pale tone lilipotua na rangi ya kijani hupotea. Doa halifutiki tena. Jani litaishi nalo kama kovu la ndui.

Sasa kazi. Jioni tandika gazeti, pindua chungu huku shina limekaa kati ya vidole viwili, gonga kitako chake mpaka donge zima litoke. Tazama mizizi. Iliyo hai ni myeupe na inakaza. Iliyooza ni ya kahawia, na ukiivuta kidogo ngozi inachunika na kukuachia uzi mwembamba mkononi. Kisha kata shina vipande vyembamba kuanzia chini ukipanda. Ukifika mahali pana rangi ya kijani kibichi safi, umeuokoa. Ukikata mpaka juu na bado ni kahawia, na kwa harufu uliyonieleza naogopa ndivyo itakavyokuwa, usilie, kwa sababu mmea huu hufufuka kwa jani.

Chagua majani matatu ya safu ya kati, yaliyokaza na yasiyo na doa. Ya nje ni wazee, ya ndani ni watoto. Kata kikonyo kwa wembe kwa mshazari, kibaki urefu wa kama sentimita tatu. Chomeka kwenye kikombe cha plastiki ulichokitoboa chini, chenye makumbi ya nazi yaliyosagwa na mchanga wa mto, nusu kwa nusu. Makumbi yaoshe mara tatu kwanza kwa sababu yana chumvi, na mchanga wa ufukweni usiuguse. Kata chupa ya maji ya lita moja na nusu katikati, ifunike juu kama chandarua, weka mahali penye mwanga bila jua. Mizizi itachukua wiki nne au sita. Baada ya miezi miwili au mitatu utaona vijani kama masikio ya panya vikichungulia chini ya kikonyo. Siku hiyo mpigie picha bosi wako.

Likishakua, lihamishie kwenye chungu kidogo. Nasema kidogo, upana wa kikombe cha uji. Wengi wenu mnaupa mche nyumba ya vyumba vitano, mizizi inakaa chumba kimoja, vinne vinabaki na maji yaliyolala. Mimi nachanganya makumbi mafungu mawili, mboji ya majani iliyochekechwa fungu moja, na chenga za mkaa fungu moja. Kunywesha natumia utambi: uzi wa nailoni uliopitishwa kwenye tundu la chungu na kushuka kwenye kopo la maji chini yake, chungu kikae juu ya kopo bila kugusa maji. Mmea unajivutia wenyewe kiasi unachotaka. Maji yawe ya mvua, au ya bomba yaliyolala usiku kucha ndani ya nyumba. Maji ya kisima cha chumvi huacha utando mweupe kwenye mdomo wa chungu, na kila kikonyo kinachougusa huungua.

Mwanga nitakupa kipimo. Saa sita mchana nyoosha kiganja juu ya majani. Kivuli cha vidole kikionekana lakini kingo zake zina ukungu, hapo panafaa. Kikikatwa wazi kama kwa mkasi, jua ni kali, sogeza. Kisipoonekana kabisa, utapata majani mazuri na hutaona ua mpaka upate wajukuu.

Na usije ukapanda Amani na koleo kutafuta la porini. Ile ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997, na baadhi ya jamii za ua hili zimebaki kwenye vipande vya msitu unavyoweza kuvizunguka kwa miguu kabla ya chai ya saa nne. Nenda ukalitazame tu. Kofi la baba yangu bado nalisikia.

Bibi, shikamoo. Ofisini kwetu kuna ule mmea wa majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, wauza maua huuita ZZ. Tuko watu sita na wote tunaupenda. Mashina yanageuka manjano moja moja na kulala. Maji tunaupa vizuri kabisa. — Mhasibu, Morogoro

Watu sita! Nikadirie basi: wewe unaupa asubuhi, katibu muhtasi anaupa mchana, na mlinzi anaumwagia mabaki ya chupa yake jioni. Mhasibu mzima umeshindwa kujumlisha.

Mmea huo, Zamioculcas zamiifolia, ni wa kwetu. Makazi yake ya asili yanaanzia Kenya, yanapitia pwani yetu na Unguja, mpaka Afrika Kusini. Umegeuka wa kigeni kwa sababu Waholanzi ndio walioanza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, ukaturudia umevaa tai. Ung'oeni mtazame chini: mtakuta viazi vya mviringo, kama magimbi machanga. Hilo ndilo tangi lake la kiangazi. Mtu mwenye tangi nyumbani humpelekei ndoo kila siku. Kateni viazi vilivyolainika, vizima viacheni kivulini siku mbili vikauke majeraha, kisha mpande upya kwenye udongo wa kichanga na chungu chenye tundu. Mteue mtu mmoja, kwa barua rasmi ikibidi, amwagilie mara moja kila wiki tatu. Wengine watano wapende kwa macho.

Assalaam alaykum Bi. Niko Muscat, ghorofa ya tatu. Marehemu bibi yangu wa Unguja alituachia mbegu za mrehani na mche wa asumini. Kila mwaka ikifika mwezi wa sita mrehani unakufa, na asumini umejaa majani lakini maua ya kuhesabu. Mdogo wangu anaolewa mwezi wa pili, inshallah, na nataka kumfungia kikuba, kile kishada cha maua yanukiayo, kwa mkono wangu mwenyewe. — Mjukuu

Waalaykumu salaam, na Mola amrehemu bibi yako. Barua yako ndiyo iliyonigusa mwezi huu, kwa hiyo nitakuambia kweli tupu.

Mrehani haufi kwa kosa lako. Umri wake ndio huo. Ukishatoa maua na mbegu, shina hugeuka ukuni na mmea huaga, na joto la Juni la Muscat, linalopita digrii 40, linauharakisha tu. Bibi yako kule Unguja naye mrehani wake ulikuwa ukifa. Ila alikuwa na mwingine unaota nyuma ya jiko, ndiyo maana hukuwahi kuuona msiba. Panda mbegu mwanzoni mwa Novemba. Zinyunyize juu ya udongo, usizizike, kwani zinahitaji mwanga. Miche ikifika majani sita, kata ncha kwa kucha. Itatoa matawi mawili, nayo yakikua yakate tena. Mwezi wa pili utakuwa na kichaka. Mche mmoja uache utoe maua mwezi wa tatu, ukaushe mbegu, uzitie kwenye bahasha, uandike jina la bibi yako juu.

Asumini una tabia nyingine. Wenyewe hupenda joto na hutoa maua kwenye matawi machanga, na wewe nadhani unauonea huruma kuukata. Ukate theluthi nzima, uutie samadi iliyooza vizuri, uuweke penye jua la kutosha. Lakini angalia chungu chenyewe: plastiki nyeusi juu ya vigae vya baraza lililoungua jua ni sufuria, mizizi inapikwa. Kichomeke ndani ya chungu kingine kikubwa cha udongo, na katikati ujaze mchanga wenye unyevu. Maji alfajiri.

Hata hivyo kwa harusi ya Februari usiutegemee. Ni majira ya baridi huko, utapata vitumba vichache tu. Waridi la Jabal Akhdar, milima ya huko huko Omani, nalo hungojea Machi na Aprili. Basi kikuba chako kiwe cha mrehani zaidi, asumini chache katikati zionekane, na langilangi kama kuna mtu anayesafiri kutoka Unguja wiki hiyo. Vitumba vya asumini vichumwe jioni vikiwa bado vimefumba, vitafunguka usiku kwenye nywele za bi harusi. Na mrehani usiuweke kwenye friji! Unageuka mweusi. Chovya vikonyo kwenye glasi ya maji, weka mezani. Naona mwezi huu friji zinanitafuta.

Bibi, waridi langu la jangwani limepukutisha majani yote, limebaki shina nono kama kifundo cha mguu wa tembo. Mume wangu anasema limekufa, tena lina sumu, tulitupe. — Mama wa Singida

Kwanza kwaruza gamba kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani, limelala tu, kama lifanyavyo kiangazi. Shina likibonyea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, mumeo ameshinda. Likiwa limelala usilimwagilie mpaka chipukizi zianze. Kuhusu sumu hajakosea: Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi hutumia utomvu wa mti huu kutengeneza sumu ya mishale, na mnyama mkubwa huanguka. Kwa hiyo unapolikata vaa glovu, nawa mikono, na uliweke juu, watoto na mbuzi wasilifikie. Visu vya jikoni navyo vina makali na hamjavitupa.

Nyanya, habari yako. Mke wangu amejaza mimea sebuleni na sina neno. Lakini kuna mmoja hauna hata jani, ni vidole vya kijani vyenye pembe nne. Wiki jana ulivimba puto, puto likapasuka likawa ua mfano wa nyota, kubwa kuliko mkono wangu, la manjano lenye mistari ya rangi ya damu, tena lina nywele. Nyumba ikanuka mzoga. Nzi wakajaa. Na siku hiyo ndiyo wageni wa kanisa walikuja. Yeye anasema ni mmea wa maana sana. Tuamulie. — Mume wa Nakuru

Kwanza nicheke. Huku Tanga nyanya ni ya mchuzi, lakini kwa heshima ya Nakuru nimeitika.

Mmea huo ni Stapelia, na nakujua ulikopita kwa sababu mie nilipita kabla yako. Wa kwangu ulichanua siku niliyokuwa na mafua, harufu nikaipata nusu nusu, nikasema panya amefia ndani. Siku mbili nilitafuta. Nilivuta kabati, nilitoa magunia ya mkaa, nilimsingizia paka. Siku ya tatu mafua yakapungua, nikafuata pua yangu mwenyewe mpaka kwenye chungu nilichokuwa nakisifia kwa majirani.

Hilo ua limejitengeneza nyama. Tazama kwa karibu, ukiziba pua: rangi ya ngozi, mistari ya damu, nywele kama za mnyama, harufu ya siku ya nne. Nyuki halina haja naye. Linamtaka nzi, naye nzi huja mbio, huzungukazunguka akitafuta pa kutagia, akiondoka amebeba chavua kwenda ua jingine. Wengine hutaga kabisa, utayaona mayai meupe katikati ya ua kama chenga za mchele. Funza wakianguliwa hawakuti nyama, wanakufa njaa. Ni utapeli mtupu, lakini ni utapeli wa ustadi, na nimeona harusi zilizopangwa vibaya zaidi.

Hukumu: mkeo ana haki, na wageni nao wana haki. Puto huvimba kwa siku kadhaa kabla ya kupasuka, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ameshtukizwa. Likianza kuvimba kama limau, chungu kinatoka nje, kinakaa ukutani penye upepo. Ua lenyewe halidumu zaidi ya siku chache. Likisinyaa, chungu kinarudi ndani, na vidole vya kijani vitakaa mwaka mzima bila kumnukia mtu. Maji kidogo, udongo ukauke kabisa kati ya kumwagilia na kumwagilia, na msimu wa baridi wa Nakuru msiupe karibu chochote.

Mwambie pia anikatie kidole kimoja, akiache wiki nzima kivulini jeraha likauke, akifunge kwenye gazeti anitumie kwa basi. Nauli nalipa mie. Wa kwangu niliuacha mwaka juzi nilipokwenda Lushoto kwenye msiba, na jirani yangu, kwa huruma zake, akaumwagilia kila siku.